Kaka kapewa safari ya bure na kasino ya meli, mama keshanunua sanduku, mie silali

Asalaam alaikum Somo,

Mie ni dada wa miaka thelathini na kitu, nakaa Ng'ambo hapa mjini lakini kwetu khasa Pemba. Naomba jina langu usitie wala mtaa, watu wa hapa wakisoma mistari miwili tu washajua ni nani. Nimeolewa nna watoto, na mama nakaa nae mie tangu baba alipofariki.

Kaka yangu mkubwa yuko Uingereza miaka mingi, anaendesha mabasi, ana mke na watoto huko huko. Ni mtu mwema wallahi, sisemi kwa sababu ni ndugu yangu, ada za skuli za wanangu analipa yeye, mama akiumwa pesa inafika siku ile ile. Sasa hii miaka ya karibuni kaingia kwenye meli za kitalii, zile kubwa kama zinazokujaga pale Malindi, yeye anapandia Southampton. Mwanzo ilikuwa picha tu, mara yuko juu ya sitaha kavaa kofia, mara sahani imejaa kamba wakubwa, sote tukawa tunajiuliza dereva wa basi hizi safari anazipata wapi. Akatwambia nnapewa bure, mie memba. Tukafurahi, tukamwombea dua.

Siku moja akapiga video anamuonesha mama meli, anatembea nayo simu huku anasema huku mkahawa, huku bwawa, mara akapita pahala taa zinamwekamweka rangi zote, na mie nikamuona shingoni ana ile kamba ya plastiki iliyojisokota kama waya wa simu za mezani za zamani, mwisho wake kadi, na jamaa aliyekaa nyuma yake kadi yake imechomekwa kwenye mashine na kamba ingali shingoni. Mama akauliza hivyo vinavyowaka ni vitu gani, kaka akajibu michezo ya watoto hiyo mama. Mie nikanyamaza.

Baadae wifi akanipigia analia. Kanambia ni kasino, ni kamari, kaka yako ana daraja huko, anatumiwa imeli kila wiki njoo kabini bure, njoo pesa ya kuchezea bure, na vinywaji humo ndani bure (mie hapo nikafikiria mbali), na kodi ya nyumba imechelewa. Akaniapisha nisimwambie mtu.

Sasa kaka kapata safari nyengine, kabini ya watu wawili, na mtu wa pili kasema ni mama. Mama viza ya Uingereza anayo maana alikwenda kuona wajukuu. Somo, huyo mama hana raha unayoijua wewe, keshanunua sanduku Darajani, fundi anamshonea mabuibui mapya, mtaa mzima unajua Bi Mkubwa anakwenda kupanda meli. Na ndo huyo huyo mama ambae hali kuku mpaka ajue kachinjwa na nani. Siku akijua hii safari imetoka kwenye kamari sijui itakuwaje.

Na bado. Kaka anataka tuuze shamba la mikarafuu alilotuachia baba upande wa Wete, warithi ni mama, yeye na mie, anasema anataka fungu lake anunue kiwanja Paje ajenge nyumba ya kupangisha wageni. Karatasi kaileta kwa WhatsApp nisaini. Zamani ningesaini hata bila kusoma.

Mume wangu anasema nisijitie, kaka anashinda huyo, angekuwa analiwa hao wazungu wangempa safari bure kwa lipi? Nikimwambia mama namvunjia furaha na wifi namvunjia kiapo. Nikinyamaza naona kama nashiriki dhambi. Nisaini au nisisaini? Nisaidie, usingizi sina.

Dada wa Ng'ambo

JIBU

Waalaikum salaam mwanangu, pole sana. Kukaa na siri ya mtu unaempenda, na huku kila siku mama anakuonesha nguo mpya za safari, si kazi ndogo.

Nikikufahamu vizuri una mambo matatu mkononi: furaha ya mama, kiapo cha wifi, na saini ya shamba. Yote yanakwenda kwa jina la kaka ndo maana umeyatia kapu moja, unaona ukigusa hili lile linamwagika. Mie sitakwambia fanya hivi au vile, kaka yako simjui na mama yako simjui, ila kuna vitu kwenye barua umeviandika kama vishathibiti na mie nataka tuviangalie tena pamoja.

Nianze na neno la mume wako maana hapo ndo watu wengi wanapopotea. Anasema kaka lazima anashinda ndo maana anapewa. Mwanangu, kasino ya meli haimpi mtu safari kwa kuwa kashinda. Ile kamba uliyoiona ina kazi yake, kadi ikichomekwa mashine inaandika kila senti inayochezwa kwa jina la mwenye kadi, na ile hesabu ndo inayozaa pointi, na pointi ndo zinazozaa kabini ya bure. Kashinda, kapoteza, kwao si neno. Wanaangalia pesa kiasi gani imepita, maana wanajua ikipita ya kutosha kiasi fulani kitabaki kwao tu.

Nikupe mfano wa kampuni moja ambayo masharti yake yanajulikana, sisemi ndo meli ya kaka yako. Royal Caribbean wana klabu ya wachezaji inaitwa Club Royale. Ina madaraja manne, Choice, Prime, Signature na Masters. Kwenye mashine za sloti kila dola 5 unazochezesha ni pointi 1. Kuingia Prime unataka pointi 2,500, Signature 25,000, Masters 100,000. Sasa piga hesabu, pointi 2,500 mara dola 5 ni dola 12,500 zimepita kwenye mashine. Utasema dereva wa basi dola 12,500 kazipata wapi? Hakuzitoa mfukoni zote. Pesa ile ile inaingia, inarudi kidogo, inaingia tena. Mtu akibonyeza mara kumi kwa dakika, kila mara dola moja na nusu, kwa saa moja keshapitisha dola 900 na wala hana habari. Tuseme mashine inabakiza 8 katika kila 100 (hiyo 8 nimeiweka mie kwa ajili ya hesabu tu), basi hizo 12,500 zitakuwa zimemgharimu kama dola 1,000. Na mwenye Signature, kwa hesabu ile ile, 10,000. Lipo kundi linalopata bahati likatoka na faida, na lipo linaloliwa mara mbili ya hapo, lakini zawadi inapimwa kwa huo wastani. Kwa hiyo swali la mume wako, kwa lipi wampe bure, jibu lake ni kuwa inaelekea keshailipia.

Na kuna jambo jengine ambalo mie ndo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko hata mashine. Daraja linaisha. Kwenye klabu hiyo niliyokutajia mwaka wao unaanza tarehe 1 Aprili unamalizika 31 Machi, kisha pointi zinarudi sifuri, na usipozifikisha tena unashuka. Sasa fikiria mtu kafika mwezi wa pili, kabakiwa na pointi mia tatu tu ashike daraja lake. Mia tatu ni kitu gani? Ni dola 1,500 za kupitisha. Anajiambia nikate safari moja fupi nimalize, nikipoteza mia na kitu si hasara, napata safari nyengine bure. Unaona ilivyokaa? Huyo mtu wala hakusema naenda kucheza kamari, kasema naenda kuokoa zawadi yangu. Na ukizingatia mtu mwenyewe kazini anaitwa kwa namba, akipanda meli anapokewa kwa jina na mtu wa kasino anamuuliza habari za watoto, utafahamu kwa nini inakuwa tabu kuiachia. Nadhani kaka yako anapenda kuwa mtu wa kualika, na ile kabini imempa nafasi ya kumwalika mama yake. Hilo usilidharau unapozungumza nae.

Hilo neno bure nalo lina mikia yake. Mara nyingi kodi za bandari na bakhshishi za wafanyakazi unalipa mwenyewe, mtu wa pili pia analipiwa zake. Ile pesa ya kuchezea huwezi kuitoa ukaenda nayo nyumbani, lazima uicheze kwanza. Ofa ni ya mchezaji mwenyewe, hawezi kumpa mama aende na wewe yeye akabaki. Na akienda asicheze, ofa zinazokuja zinapungua. Halafu melini pesa anaweza kuichukua kwa kadi ya chumba, ikaingia kwenye akaunti, akaiona yote siku ya mwisho.

Sasa usije ukanifahamu vibaya. Haya yote hayathibitishi kuwa kaka yako kashikwa pabaya. Wapo wanaojiwekea kiwango, kikiisha wanaondoka, wanaihesabu kama nauli yao. Kodi kuchelewa ni dalili, lakini kodi huko inachelewa kwa mambo mengi. Wewe umesikia upande wa wifi, akiwa analia, kwenye simu. Na hilo la vinywaji uliofikiria mbali, mwanangu, humo ndani hata soda, kahawa na maji ni vinywaji. Usimbebeshe mtu dhambi mbili wakati wewe unayo khabari ya moja.

Dhambi yenyewe sikufundishi, aya ya 90 ya Suratul Maida inayokataza kamari unaijua na kaka anaijua. Lakini kama mama akipanda bila kujua ana dhambi, kama wewe ukinyamaza unashiriki, fatwa hiyo usiitafute kwangu na wala usiitafute kwenye simu. Nenda kwa sheikh unaemuamini, unaweza kuuliza kwa mithali bila ya kutaja mtu. Pengine atakupunguzia nusu ya huo usingizi.

Tuje kwa mama. Umeandika kama vile hajui kitu. Una hakika? Mama aliyemlea mtoto wake, akauliza vile vinavyowaka ni nini, akajibiwa michezo ya watoto, na watoto hawaonekani. Mie sijui. Anaweza kuwa haelewi kabisa, anaweza kuwa ameelewa akaamua kunyamaza kama ulivyonyamaza wewe. Mama zetu hao.

Ukimwambia wewe, unaweza kumuokoa na kitu ambacho angekikataa mwenyewe, maana mtu anaeuliza kuku kachinjwa na nani ana haki ya kuulizwa na hili. Lakini ujue pia utakuwa umemwambia kosa la mwanawe kabla mwanawe hajapata nafasi ya kusema, na sanduku lile litabaki uvunguni mtaa mzima ukiuliza kulikoni. Watu wengine hawasamehe aliyeleta habari. Usipomwambia, basi fikiria na upande huu: kasino ya meli kwa kawaida inafungwa meli ikiwa bandarini na inafunguliwa ikitoka baharini. Yaani zile siku ambazo hakuna pa kushuka, ambazo mama angependa kukaa na mwanawe, ndo siku kaka anazotakiwa kule ndani. Mama atakaa wapi? Mtu mzima, lugha hajui, kabini pengine ya ndani haina hata dirisha. Atamtafuta, na akimkuta atajua, tena yuko katikati ya bahari, wewe hupo.

Lipo la tatu ambalo hukuliandika, nalo ni kumwambia kaka kuwa unajua, kisha mama umuachie yeye. Najua utasema na kiapo cha wifi? Lakini soma barua yako tena. Ile kamba uliiona wewe, kwa macho yako, kabla wifi hajakupigia. Huna haja ya kutoa neno hata moja lililotoka kwake. Unaweza kusema, kaka, siku ile ya video niliona, na mama alipouliza ukamjibu vile sikupenda, hebu niambie mwenyewe ikoje. Halafu nyamaza. Usimuulize kapoteza kiasi gani, atakutajia siku alizoshinda tu, wote ndo wanavyofanya. Ukiona kafunguka, kampuni nyingi mchezaji akiomba wanampa taarifa ya mwaka mzima ya aliyoshinda na aliyopoteza. Mwambie aiombe aiangalie peke yake, hata asikuoneshe. Hatari yake na yenyewe ipo: anaweza kukasirika, anaweza kujua tu kuwa wifi kasema na akamgeukia. Kwa hiyo kabla hujampigia kaka mpigie wifi kwanza, muulize kama nyumbani kwake ni salama hilo kuzungumzwa.

Na wifi mwenyewe mwambie huko kuna laini ya simu ya GamCare, jumuiya inayosaidia watu walioshikwa na kamari, 0808 8020 133, saa 24 na ni bure, na jamaa za mchezaji wanapokewa, si lazima apige kaka. Kuna na huduma inaitwa GAMSTOP ya mtu kujifungia mwenyewe kamari za mtandaoni, ila hiyo meli haiigusi. Kwa meli ni yeye kaka aandike kwa kampuni wamfunge na wamkatie zile imeli. Mtu hawezi kuacha huku kila wiki anaitwa.

Shamba. Hapa nataka uchukue pumzi. Umeshajijibu kuwa Paje ni uongo na pesa inakwenda kwenye mashine. Inaweza ikawa. Inaweza pia ikawa kweli anataka kiwanja, watu wangapi wa Uingereza wanajenga Paje na Jambiani? Au vyote viwili, anataka kweli kiwanja na anadhani atatoa kwanza kidogo alipe madeni. Kuuliza kiwanja kiko wapi, nani anauza, karatasi zake ziko vipi, hakumvunjii heshima, hata asiyecheza kamari angeulizwa. Na mirathi yenyewe hujasema kama imeshagawiwa. Kama bado, mama ana thumni yake, yaani moja ya nane, na kinachobaki kaka fungu mbili na wewe moja, na pa kugawia pana ofisi, Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, si WhatsApp. Kama lile shamba ni katika zile eka tatu serikali ilizowagawia watu baada ya Mapinduzi pitieni na Kamisheni ya Ardhi kwanza, zile haziuzwi hivi hivi. Mkishagawana, njia zinakuwa nyingi. Auze lake, au wewe na mume wako mlichukue mumlipe kidogo kidogo kila mkichuma, au pesa iende moja kwa moja kwa mwenye kiwanja. Kila moja ina ubaya wake, kumlipa ndugu kidogo kidogo kumevunja nyumba nyingi hapa, sikufichi.

Kuna kitu kimoja ulikiandika juu juu ukapita. Ada za watoto wako analipa yeye. Hukukirudia tena, lakini mie nimekiona. Nadhani sehemu ya khofu yako ni hiyo, ukisema hapana mwezi ujao skuli itakuwaje. Si aibu kuogopa hivyo. Ila zungumza na mume wako hilo peke yake, ada za muhula mmoja mnaweza kuzisimamia wenyewe au hamuwezi? Maana jibu la saini litakuja tofauti mkishajua.

Na kabla ya yote kuna swali dogo ambalo lazima liulizwe hata kama mambo yote yangekuwa shwari, na pengine ndo pa kuanzia na kaka. Meli inagusa wapi? Kama ni Uhispania au Ureno au Norway, viza ya Uingereza pekee haimtoshi mama, anataka na ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, na hiyo inachukua muda. Muulize hilo, na ukimaliza muulize mama atakaa na nani zile siku za bahari tupu.